Kurithi si kuridhia: vitate tusivyopaswa kuvichezea

Vijitabu vya marudio vinavyouzwa katika maduka ya Malindi na mjini Kilifi havikosi ukurasa wa vitate, yaani maneno yanayokaribiana kwa matamshi huku maana zake zikiwa mbalimbali. Ukurasa wenyewe unaujua hata kabla hujaufunua. Kula na kura. Baa na paa. Fua na vua. Doa na toa. Chini yake kuna agizo: tunga sentensi moja kutofautisha maneno haya. Mtoto anaandika kwamba alikula wali baada ya kupiga kura, anapewa alama zake mbili, maisha yanaendelea. Tangu KCPE ilipoanza mwaka 1985 hadi ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, vitate vimekuwa mchezo wa namna hiyo, na sioni dalili kwamba mitihani iliyoirithi itaugeuza.

Sina ugomvi na mchezo. Ugomvi wangu ni kwamba orodha hizi zinayapa maneno yote uzito mmoja, kana kwamba kuchanganya hili na lile ni kosa la aina moja. Si kweli. Yapo maneno ambayo hata ukiyachanganya mchana kutwa hakuna atakayedhurika, kwa kuwa lugha yenyewe imeyawekea kinga. Na yapo ambayo hayana kinga yoyote, nayo ndiyo yanayokaa katika karatasi za mahakama, za mashamba na za hospitali. Orodha zetu zimejaa ya kundi la kwanza.

Chukua kaa na paa, mifano ya jadi. Mvuvi wa hori la Mida akikutajia kaa anayemtoa kwenye mikoko, sauti yake ya kwanza inatoka na pumzi. Mama anayepalia jiko akitaja kaa la moto, pumzi hiyo haipo. Vivyo hivyo paa wa msitu wa Arabuko-Sokoke anatamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba ya makuti halina. Wataalamu wanaiita pumzi hiyo mpumuo. Padri Mfaransa, Charles Sacleux, aliionyesha kwa uangalifu katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1939. Tahajia tuliyoikubali kama sanifu, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuundwa kwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, haina alama yake. Mtoto wa Mambrui anazisikia sauti mbili, kitabu chake kinamwonyesha herufi moja.

Je, kuna aliyepata hasara? Sijamwona. Ngeli inatuokoa. Tunasema kaa wa Mida lakini kaa la moto, paa amekimbia lakini paa limevuja. Hata mgeni asiye na habari ya mpumuo anashikwa mkono na kiambishi asianguke. Kwa hiyo nasikitika, kama msomi wa sauti, kwamba mpumuo unafifia vinywani mwa vijana, lakini sikosi usingizi.

Kula na kura ndiyo kabisa. Tumecheka vya kutosha, tena kicheko chenyewe mara nyingi ni cha kuwakejeli ndugu zetu wa bara, na mimi sikipendi. Kura hupigwa, huhesabiwa, huibwa. Kula hakupigwi. Mtu akikwambia kesho anakwenda kupiga kula, hakuna Mkenya mwenye akili timamu atakayemtafutia sahani.

Sasa hebu tuje kwenye maneno yasiyochekesha.

Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Ukiingia mahakama yoyote ya pwani hii, iwe Malindi, Kilifi au Mariakani, hukai sana kabla hujasikia hukumu ndogo ya namna hii: mshtakiwa aachiliwe kwa dhamana ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hichohicho. Watu wetu wengi hawana fedha benki. Walicho nacho ni shamba. Basi ndugu wa mshtakiwa anakuja na hati ya shamba, na anaambiwa lazima thamani yake ijulikane. Mdhamini alete ripoti ya mthamini.

Isome tena sentensi hiyo fupi, safari hii kwa sauti. Mdhamini ni anayesimama badala ya mwenzake, akikubali kupoteza mali yake iwapo mwenzake atatoroka. Mthamini ni mtaalamu anayekadiria shamba lina bei gani. Mmoja anaweza kufilisika, mwingine analipwa ada yake anakwenda zake. Sasa itamke kama tunavyoisikia kila siku kwenye veranda za mahakama: mzamini alete ripoti ya mzamini. Mzee aliyetoka Bamba alfajiri kwa matatu, aliyekuja kumtoa mjukuu wake, ataelewa nini? Ataelewa kwamba anatakiwa kuleta ripoti yake mwenyewe. Atauliza ripoti gani. Ataambiwa, kwa sauti ya juu zaidi, maneno yaleyale.

Hapa ngeli haituokoi. Mdhamini na mthamini wote ni watu, wanakuja, wanasema, wanatia sahihi. Dhamana hii, thamani hii; dhamana yake, thamani yake. Viambishi ni vilevile. Muktadha, ambao wenzangu wengi wanauamini kama dawa ya kila ugonjwa, nao hauokoi, kwa sababu maneno haya mawili yanaishi nyumba moja. Popote penye dhamana, thamani iko karibu. Ukienda benki, shamba linawekwa dhamana kulingana na thamani yake. Mwanafunzi akichanganya paa na baa anachanganya vitu vilivyo mbali. Karani akichanganya dhamana na thamani anachanganya vitu vilivyo kwenye mstari mmoja wa karatasi moja.

Lakini jozi inayonitia hofu zaidi ni nyingine, na niliielewa uzito wake siku nilipoletewa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, kutoka kwa familia moja ya upande wa Ganze. Baba wa nyumba amefariki, ndugu zake na mjane wake wameketi, wamekubaliana jinsi ya kugawa shamba, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akaandika. Wazee wakaweka alama za vidole. Miezi ikapita, pakazuka mvutano, na mmoja wao akasema twendeni kwa Mwalimu, atatusomea. Mstari wenyewe ulikuwa huu: Mjane amerithia ekari mbili.

"Mwalimu, hapo pamesema nini?" akaniuliza mzee mmoja.

Nikaisoma mara ya pili. Amerithia. Neno hilo si amerithi, wala si ameridhia. Limesimama katikati kama mtu mwenye mguu mmoja ndani ya ngalawa na mwingine gatini. Kama mwandishi alikusudia amerithi, basi karatasi inasema mama huyu amepata ekari mbili katika mirathi, na haisemi lolote kuhusu zilizobaki. Kama alikusudia ameridhia, basi inasema mama amekubali ekari mbili zimtoshe, na kwa kukubali huko ameziachilia nyingine kwa shemeji zake. Shamba zima ni ekari kumi na moja. Herufi moja ndiyo iliyobeba ekari tisa.

Tukamwita kijana aliyeandika. Alikuja na adabu zake zote, akaniamkia, akaketi mkekani. Nikamwomba aseme kwa mdomo alichoandika. Akasema, "Ameriziya." Nikamuuliza, kwa kurithi au kwa kuridhika? Akanitazama kama ninayemtega. Kwake lilikuwa neno moja. Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Alama yake ya Kiswahili katika cheti ni nzuri, na nina hakika siku moja alitunga sentensi ya kutofautisha kula na kura.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nilipomwuliza alisema kwa Kigiriama, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sote tusikie, kwamba yeye siku ile aliambiwa hizi mbili ndizo atakazoanza kulima, mengine yatazungumzwa baada ya arubaini. Hakuwa amerithi, maana mirathi ilikuwa bado. Hakuwa ameridhia, maana hakuna aliyemwomba aridhie. Mstari ule ulikuwa na maana mbili zinazogombana, na ukweli haukuwa katika hata moja. Niliwashauri waichane, waandike nyingine, na wasitumie neno lolote kati ya hayo mawili. Waseme amepewa, au amekubali, au atalima kwa muda. Walibishana kidogo kuhusu kuichana. Mzee mmoja alisema karatasi haichanwi.

Namwelewa mzee huyo. Pwani hii inajua nguvu ya karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya ukanda wa pwani wayapeleke mbele ya afisa wa serikali ya kikoloni, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi wa Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala haikuwa na jina la mtu mmoja, hawakuingia katika vitabu hivyo, na matokeo yake yanajulikana mpaka leo katika kila kikao cha chifu kinachohusu maskwota. Watu waliopokonywa kwa karatasi huiheshimu karatasi kuliko inavyostahili. Ndiyo maana naona ni jambo zito karatasi ikiwa na kitate.

Sasa, kwa nini tunayachanganya? Jibu la haraka, na ndilo linalotolewa kila mahali, ni athari ya lugha ya mama. Eti Mgiriama hawezi, eti mtu wa bara hawezi, ulimi wake mzito. Jibu hili ni la uvivu. Kigiriama kina sauti ambazo Kiswahili sanifu hakina kabisa. Mtoto wa Kaloleni anayesema dzina, madzi na tsi tangu anajifunza kutambaa ana ulimi unaofanya kazi ngumu kuliko th na dh. Mpe mtangazaji wa Nairobi atamke dz mara tatu mfululizo, tuone nani mwenye ulimi mzito.

Mimi namshuku mwingine. Namshuku Mwingereza, au tuseme tahajia yake. Kiingereza kina sauti zote mbili, th ya neno "three" na dh ya neno "this", lakini kinaziandika kwa herufi zilezile: t na h. Waingereza wenyewe wanahangaika na maneno yao yanayofanana, "affect" na "effect", "principal" na "principle", na magazeti yao yana safu kama hii za kuwakemea. Hayo ni yao. Yetu ni kwamba mtoto wa Kenya anajifunza kusoma lugha mbili kwa wakati mmoja, asubuhi moja, mara nyingi kwa mwalimu mmoja. Kwenye kitabu cha Kiingereza anaona "the", "this", "that", "they", "mother", mamia ya mara kwa siku, na kila mara anatamka dh. Somo linalofuata anafunua kitabu cha Kiswahili, anaona thibitisha, na macho yake yanafanya kazi waliyoizoea: anasoma dhibitisha. Mwalimu naye amesoma vivyo hivyo. Ndiyo maana kosa la kusema dhibitisha na udhibitisho limeenea hata kwa watu ambao dh yao ni safi kabisa na hawajawahi kusema zambi badala ya dhambi. Si ulimi uliowaponza. Ni jicho.

Kinachosikitisha ni kwamba sisi Kiswahili tulipewa tahajia nzuri kuliko ya Kiingereza katika jambo hili. Th ni moja, dh ni nyingine, hazibadilishani. Hata kabla ya herufi za Kirumi, waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizitenga. Thamani, rithi, thibiti na athiri, zote nne zina asili moja ya sauti, ile herufi ya thaa, ث. Dhamana, ridhia na dhibiti zote zina ile ya dhaadi, ض. Mtoto wa madrasa ya Takaungu anaweza kuzipanga safu mbili hizo bila kufikiri.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu wanafunzi wangu wa shahada ya pili wananiletea kila mwaka. Watasema: Profesa, lugha hubadilika. Kiarabu kina dhali, dhaadi na dhaa, sauti tatu, na Waswahili walizikunja zote zikawa dh moja. Dhahabu, dharura na dhahiri zilikuwa na herufi tatu tofauti, leo zina moja, na hakuna aliyelia. Mbona unalia kwa th na dh?

Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba zilipokunjwa zile tatu, hakuna maneno muhimu yaliyogongana. Hakuna neno jingine linalosubiri kuchukua nafasi ya dharura ukilitamka kwa dh ya dhahabu. Lugha ilipoteza sauti bila kupoteza maana. Hapa hali ni nyingine: ukizikunja th na dh zikawa z, unabaki na zamani, thamani na dhamana zote zikining'inia kwenye kamba moja. Wengine hutamka th kama s, basi thamani inakuwa samani, na samani ni viti na meza na makabati. Nimesoma tangazo la mnada lililoahidi "samani ya nyumba ni milioni nne". Nikajiuliza ni nyumba gani hiyo yenye makochi ya bei hiyo, mpaka nilipofika kwenye ukubwa wa kiwanja.

Habari za afya ni eneo jingine ambalo sipendi kulipita haraka. Machi 13, 2020 serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini, na Aprili 8 mwaka huohuo Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale, zikafungwa, watu wasitoke wala wasiingie. Katika majuma yale tulikaa karibu na redio. Maambukizi yakithibitishwa, maana yake yapo, wataalamu wamepima wakayaona. Maambukizi yakidhibitiwa, maana yake yameshikwa, hayaenei. Habari mbili zinazokwenda pande zinazopingana: ya kwanza inakuambia ubaki ndani, ya pili inakupa pumzi. Nililisikia neno "yamedhibitishwa" siku zile mara nyingi mno. Ni mwana wa chotara: mwili wa thibitisha, kichwa cha dhibiti. Msikilizaji anachagua mwenyewe kusikia anachokitamani, na mtu aliyefungiwa ndani wiki tatu unajua atatamani kusikia kipi.

Mafuriko ya Mto Sabaki nayo yanakuja na kitate chake. Maji yakijaa upande wa Magarini, taarifa husema familia kadha zimeadhirika. Kuadhirika ni kuaibika, kufedheheka mbele za watu. Waliopatwa na madhara wameathirika. Mtu amepoteza mahindi, mbuzi na godoro, halafu taarifa inasema ameaibika! Ingawa, ukifikiria jinsi baadhi yao wanavyopangwa foleni na kupigwa picha ndipo wapewe unga, pengine mwandishi aliona mbali.

Nifanye nini basi na malalamiko yote haya? Kwa walimu nina ombi moja dogo. Wekeni orodha ya vitate kando, angalau ya kula na kura, na mfundishe kwa sikio. Mwambieni mtoto aweke vidole kooni atamke thamani: ulimi uko kati ya meno, koo limetulia. Kisha dhamana: ulimi uko palepale, koo linatetemeka. Hiyo ndiyo tofauti yote, na inachukua dakika mbili. Thamani ina sauti ya theluthi na themanini. Dhamana ina sauti ya dhahabu. Kisha fungeni vitabu, mwalimu aseme, watoto waandike. Imla, zoezi tulilolikimbia tukaliona la kizamani, ndilo linalofichua nani anasikia na nani anaona tu. Na kitabu cha Kiingereza kikifunguliwa, mwalimu aseme wazi kwamba th ya kule ina nyuso mbili, ya huku ina mmoja.

Kwa watunzi wa mitihani: mkitaka vitate, viko vingi vyenye kazi. Mpeni mtahiniwa karatasi ya makubaliano ya familia yenye neno lililokosewa, aseme nini kinaweza kutokea. Hilo ni swali la Kiswahili na la uraia kwa pamoja.

Kwa wakalimani wa mahakamani na makarani wa ardhi sitaki kuwahutubia kuhusu koo na meno. Wana kazi, na watu wanasubiri. Nao watumie tu neno lisilo na pacha. Mthamini aitwe mkadiriaji wa bei. Mdhamini, baada ya kutajwa kwa jina lake la sheria, aelezwe: huyu ndiye atakayebeba mzigo mshtakiwa asipotokea. Kuridhia kuwe kukubali. Kurithi kuwe kupata sehemu katika mali ya marehemu. Sentensi zitarefuka kidogo. Kiswahili hakijawahi kuogopa sentensi ndefu, na wazee wetu wa Ganze, Bamba na Adu wana subira ya kusikiliza kuliko tunavyodhani, mradi wanachosikiliza kinaeleweka.

Wenzangu wanaoandika safu za lugha nao nina neno nao. Tumekuwa wepesi wa kukamata kosa linalochekesha na wazito wa kulipima. Kosa la mbunge aliyeteleza kwenye kipaza sauti linatupa safu nzima, na fomu iliyochapishwa na kutumiwa na maelfu ya watu ikiwa na neno "muzamini" haitupi hata aya. Fomu hiyo ipo. Nimeiona ukutani katika ofisi moja ya umma, imewekewa fremu kabisa.

Nimalizie kwa swali nililotumiwa na msomaji wa Mariakani, kwa kuwa linahusu jambo hilihili. Anauliza kama ni sawa kusema "tunaazimisha Siku ya Jamhuri", maana aliliona kwenye bango. Si sawa, ndugu yangu. Kuadhimisha, kwa dh, ni kuipa siku heshima na ukubwa wake. Linatoka kwa adhimu. Kuazima ni kuchukua kitu cha mtu ukitumie kisha ukirudishe, na kuazimisha ni kumpa mwenzako kwa masharti hayo. Disemba 12 haikuazimwa kwa mtu. Ukipita tena hapo, na kama bango bado lipo, waambie wanaohusika wabadilishe herufi moja tu. Kitambaa chenyewe hakina haja ya kutupwa.